Celina Anafunga Mdomo

Celina wa Mtaa wa Sikukuu alikuwa na moyo mzuri na mdomo usiochoka. Alimfikia mgonjwa yeyote wa parokia. Na akishafika, jamani, mahubiri! Chai ilipoa, mgonjwa alisinzia, Celina bado yumo.

Jumapili moja, baada ya Misa, alikwenda kwa Severa. Mume wa Severa, Melkiori, aliuza vitambaa dukani Kariakoo. Walitoka Kilimanjaro mwaka ule tu. Sasa walikuwa na mtoto wa wiki mbili, Isidori, mzima kabisa. Lakini Severa alilia kutwa. Chakula hakigusi, maziwa yanapungua. Alikuwa amemwambia Melkiori amkatie tiketi ya basi la Moshi.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele, amina," Severa alijibu kwa sauti ndogo.

"Unalia nini na mtoto mzima hivi? Mbona Elizabeti, mama wa Yohana Mbatizaji, hakulia? Huko ni kukosa imani, mwenzangu! Simama, usali, ufurahi!"

Severa aligeukia ukutani. "Dada Celina, naomba usije tena."

Celina alitoka amevimba kwa hasira. Akaenda moja kwa moja kwa Mama Josepha, mkunga wa zahanati, ambaye husali naye kanisa moja.

"Shikamoo, Mama. Nimefukuzwa na Severa!"

"Marahaba. Ulimwuliza nini?"

"Kumwuliza? Nilimwambia kulia ni kukosa imani!"

Mama Josepha akacheka mpaka akashika mbavu. "Ndiyo maana! Sikiliza, mwanangu. Wazazi wengi hulia baada ya kujifungua. Mwili umechoka, usingizi hakuna. Si dhambi, wala si kukosa imani. Mpikie. Mshikie mtoto alale. Muulize, halafu ngoja ajibu. Kilio kisipoisha, au akisema anataka kujidhuru, mlete kwangu upesi."

"Na mimi niseme nini?"

"Kidogo."

Maskini Celina! Kidogo!

Kesho yake alinunua ndizi na nyama sokoni, akapika mtori laini. Mlangoni kwa Severa akasema, "Nisamehe, mwenzangu. Jana nilikuumiza." Akampokea Isidori. "Kitu gani kinakuumiza?"

Severa aliikunja ncha ya khanga, akaikunjua. Maneno yalimjaa Celina mdomoni. Akayameza.

"Kwetu," Severa akasema mwishowe, "mama mkwe angenilisha mtori kila siku. Miezi mitatu ikiisha, ningevalishwa shanga nipelekwe sokoni, nikiimbiwa kama shujaa aliyerudi vitani. Hapa nimezaa kama mwizi. Nani anajua?"

Celina naye alitoka Kilimanjaro. Aliimbiwa hivyo zamani, na leo alikuwa amesahau! Machozi yakamtoka. Hakuhubiri. Alimshika mkono, wakalia pamoja, kisha wakacheka kwa kuwa Isidori alikuwa amemkojolea Celina gauni zima. Siku hiyo Severa alimaliza bakuli.

Celina akawaambia akina mama wa parokia, nao wakapokezana. Huyu alileta mtori, yule alifua nepi, mwingine alimbeba mtoto Severa alale. Mama Josepha alipita kumwangalia. Taratibu kilio kikakoma, maziwa yakarudi. Habari za tiketi ya basi Melkiori hakuzisikia tena.

Miezi mitatu ilipotimia, Kariakoo ilisimama. Severa alipita kati ya mafungu ya nyanya, shanga kichwani, fimbo mkononi, Isidori mgongoni. Nyuma yake wanawake waliimba nyimbo za nyumbani. Wachukuzi wakaweka mizigo chini watazame.

Mzee Ghanim, jirani wa Melkiori, akatoka dukani kwake. "Harusi ya nani hii?"

"Si harusi, Mzee Ghanim!" Severa akajibu mwenyewe, kwa sauti kubwa. "Mimi nimetoka uzazi!"

"Mashallah! Hongera, binti yangu!"

Mama Josepha akamgeukia Celina. "Haya, leo nakuruhusu. Hubiri!"

Celina akafungua mdomo. Akamtazama Severa anavyocheka, mashavu yamejaa. Neno hata moja halikuja. Basi akapiga kigelegele kirefu, na soko zima likaitikia.