Pesa ya Macho ya Fundi Saa

Mimi ni fundi saa. Kibanda changu kina meza moja, taa moja na viti viwili. Kiti cha pili kilikuwa cha mke wangu. Alikaa pale akinisema tangu asubuhi. "Nyoosha mgongo! Chai inapoa!" Huu ni mwaka wa tatu tangu afariki. Sikujua kwamba mtu anaweza kutamani kusemwa.

Binti yangu yuko mbali, hupiga simu Jumapili. Wateja nao ni wa kuhesabu, kwani kila mtu hutazama saa kwenye simu. Halafu macho yangu yakaingia ukungu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na dawa yake ni upasuaji. Nikaweka akiba miaka miwili. Fundi saa asiyeona atafanya kazi gani?

Pesa ilipotimia, badala ya kwenda hospitali nikaingia kwenye biashara ya hisa kwa simu. Hisa ni kipande cha kampuni. Bei ikipanda unauza kwa faida, ikishuka unaumia. Nilijiunga na kikundi cha wafanyabiashara wa simuni. Kila asubuhi mtu nisiyemjua aliniandikia, "Umeamkaje, bingwa? Leo faida ni ya uhakika!" Jamani, mimi, bingwa! Nikaweka pesa yote ya macho, nikawa nanunua na kuuza kutwa. Baada ya wiki sita, nusu ilikuwa imekwenda.

Siku hiyo akaja jirani yangu. Tunamwita Karani, maana alifanya kazi kwa dalali wa hisa mpaka alipostaafu.

"Fundi, saa yangu inachelewa tena," alisema.

Ilikuwa mara ya tatu. Niliona aibu, nikajua macho yangu ndiyo yanayoharibu kazi. Machozi yakanitoka mbele yake, nikamweleza yote.

"Pesa ya matibabu, Fundi?"

"Imebaki nusu. Nikipata hisa moja nzuri, yote itarudi."

"Weee, koma! Tuhesabu. Mia imeshuka hadi hamsini, umepoteza nusu. Ili upate mia tena, hamsini lazima izae hamsini nzima. Kushuka ni rahisi, kupanda ni kazi."

"Yule wa kikundi aliniambia ni uhakika."

"Sokoni hakuna uhakika. Anayekuahidi uhakika, mkimbie. Na dalali yeyote, kwanza uliza serikalini kama ana kibali."

Nikaitoa nusu iliyobaki siku ileile. Lakini mimi ni mbishi, nilitaka kujua nilikosea wapi. Karani akakubali kunifundisha kwa akaunti ya mazoezi, ambayo bei zake ni za kweli na pesa yake ni ya kubuni. Akavuta kile kiti cha pili akakaa. Nilitaka kumkataza, nikamwacha.

"Kabla ya kuingia, jua utakapotokea," alisema. "Andika bei. Ikishuka hadi hapo unauza, hubishani nayo. Kosa moja lisile zaidi ya moja kwa mia ya mtaji. Usiweke yote kwenye kampuni moja. Na mtaji ni pesa ambayo hata ikipotea, utakula na utatibiwa."

"Basi mimi sikuwa na mtaji."

"Hukuwa nao. Sasa chukua daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Andika kila ulichonunua, na sababu."

Niliandika kwa herufi kubwa, pua ikigusa karatasi. Akasoma. Mstari wa kwanza: "Kikundi kilisema." Wa pili: "Bei ilikuwa inapanda." Kuanzia wa tatu hadi wa mwisho: "Nyumba ilikuwa kimya."

Karani alifunga daftari taratibu.

"Fundi, hiyo si sababu ya kununua hisa. Hiyo ni sababu ya kubisha hodi kwa jirani."

"Nisumbue watu?"

"Sumbua!"

Ile nusu ilitosha jicho moja. Nikapasuliwa. La pili naliwekea akiba benki, na siigusi ng'o. Kwenye kikundi nilijitoa. Hisa bado nafanyia mazoezi, na daftari langu lina mistari michache sana siku hizi.

Bandeji ilipotolewa, saa ya kwanza kuifungua ilikuwa ya Karani. Niliitazama kwa jicho jipya. Ilikuwa safi, kila gurudumu mahali pake. Nikaipima wiki nzima.

"Karani," nilimwambia, "saa yako haichelewi hata dakika."

"Najua."

"Unajua? Mara zote tatu?"

"Nilikuwa nairudisha mishale nyuma mwenyewe," akasema, macho chini. "Kwani ni nyumba yako peke yake iliyo kimya?"

Nikamsogezea kile kiti. "Kaa basi," nikasema. "Chai inapoa."