Kufuli Kwenye Mlango wa Mama

Chepkorir huamka saa kumi na moja. Hukamua ng'ombe, kisha huenda kuchuma chai katika shamba lao dogo huko Boito. Zamani alichuma pamoja na mama yake, Rodah. Siku hizi Rodah hunywa chang'aa tangu asubuhi. Ameuza sufuria, ameuza hata blanketi. Chepkorir ana miaka ishirini na moja, na amechoka sana.

Mjomba wake, Gibson, alimpa shauri. "Mfungie ndani siku tatu. Pombe ikiisha mwilini, atapona."

Jumatatu Chepkorir akanunua kufuli. Alimpitishia mama yake uji dirishani.

"Nifungulie, mwanangu. Nakufa."

Chepkorir alilia, lakini hakufungua. Wewe usimcheke. Mfa maji hukamata maji.

Jumatano asubuhi nyumba ilinyamaza, akaogopa, akafungua. Rodah alikuwa amesimama akitetemeka, nguo zimelowa jasho. Alikuwa anachuma chai ukutani. Alikata majani ambayo hayakuwepo, akayatupa mgongoni, kwenye kikapu ambacho hakikuwepo.

"Mama, ni mimi."

"Harakisha," Rodah alisema. "Lori la chai linakuja."

Chepkorir alikimbia kwa jirani yao Nyabate, mhudumu wa afya ya jamii. Waliporudi, Gibson alikuwa amefika.

"Hayo ni mapepo," Gibson alisema. "Tuite watu wa kanisa waombe."

"Wataomba tukiwa njiani," Nyabate alijibu. "Mwili uliozoea pombe kila siku haunyimwi ghafla. Mtu hushikwa na kifafa, hata hufa. Hospitalini kuna dawa za kumsaidia kuacha bila hatari."

"Kwa hivyo nimemuua mama?"

"Hukujua, Chepkorir. Sasa umejua. Mshike mkono twende."

Walipata gari la maziwa. Njiani Rodah alikakamaa, akaanza kurusharusha miguu. Gibson akatafuta kijiko.

"Usimtie kitu mdomoni," Nyabate alimwambia. "Tumlaze kwa ubavu."

Rodah alilazwa wiki mbili. Daktari aliwaeleza kwamba ulevi kama huo ni ugonjwa, na baada ya dawa mgonjwa huhitaji ushauri kila wiki. Alirudi nyumbani amekonda, mpole. Mwezi wa pili baada ya kutoka hospitalini akanywa tena.

Siku hiyo Chepkorir aliketi chini katikati ya michai. Aliona yote ni bure. Alitamani kuondoka asirudi.

Nyabate alimkuta hapo. "Wengi huanguka," alisema. "Mrudishe kliniki leo, bila matusi. Na wewe pia uongee na mshauri. Mzigo huu si wako peke yako."

Chepkorir na mama yake walirudi kliniki wote wawili.

Sasa ni miezi mitano Rodah hajaonja pombe. Kufuli liko kwenye banda la ndama. Jana alienda shambani, mikono bado ikitetemeka kidogo, akachuma polepole hadi saa nane. Chepkorir hakumwamini. Walipofika kituo cha kununua chai, aliingiza mkono ndani ya kikapu cha mama yake.

Kilikuwa na majani.