Kitambaa Kilichofuliwa

Mama Dobi alifua nguo za watu uani kwake, na mapipa yake ya maji hayakukauka. Alipenda usafi kupita kiasi. Kiti chake kilifutwa kabla hujakaa, kikafutwa tena ukiondoka. Aliishi na mwanawe, mke wa mwanawe na mjukuu mmoja wa kike. Mtoto huyo walimwita Kasuku, maana mdomo wake haukupumzika.

Mvua zilipokaribia, bwana afya aligawa makopo meusi mtaani. Ndani ya kila kopo mlikuwa na maji kidogo na kitambaa. Alisema ni ya kupima mbu, na kwamba angepita kila wiki kuchukua vitambaa na kuleta vingine. Alikuwa na haraka, akaenda zake.

Mama Dobi alielewa kivyake. Alidhani wanakaguliwa, ijulikane nyumba ipi ni chafu. Basi kila bwana afya alipokaribia kuja, alisugua kopo, akafua kitambaa kwa sabuni na kukirudisha majini. Majirani nao hawakutaka kuumbuka. Walimletea vyao, akavifua vyote. Bwana afya aliona vitambaa havina kitu, akaripoti kuwa mtaa uko salama.

Mvua zikanyesha. Kasuku akashikwa na homa kali, kichwa na viungo vikamuuma. Walidhani ni mafua tu. Homa iliposhuka, wote wakashusha pumzi. Kumbe ndipo hatari ilipoanza. Tumbo lilimkaza, akatapika, fizi zikatoka damu. Hospitali ilifurika watoto wa mtaa uleule, wawili wawili kitandani. Kasuku alikufa akiwa bado amepakatwa na mama yake kwenye benchi. Jambo hili halina namna ya kulipamba.

Bwana afya alikuja kuwapa pole. Safari hii alieleza polepole, kama alivyopaswa kueleza mwanzo. Ugonjwa ule ni kidingapopo. Huletwa na mbu mwenye madoa meupe, anayeuma mchana. Mbu huyo hutaga mayai kwenye kuta za vyombo vya maji, na kwenye vitambaa vile. Mayai yakizidi kitambaani, wataalamu hujua mapema kwamba mbu wanaongezeka na homa inaweza kufuata.

"Vyangu nilivifua," Mama Dobi akasema. "Na vya majirani."

Bwana afya alivuta kiti, akaketi.

"Ningeviacha vichafu, mngefanya nini?"

"Tungekuja kabla ya homa, mama. Tungewaonyesha kusugua kuta za mapipa na kuyafunika. Tungewaambia mtoto akitapika au akitoka damu, msingoje." Akainamisha kichwa. "Na mimi sikukueleza. Kosa si lako peke yako."

"Hata tukigawana kosa, baba, mtoto harudi."

Msimu wa mvua uliofuata, hakuna aliyegusa makopo. Vitambaa vilijaa mayai meusi, madogo kama vumbi. Onyo likatolewa mapema. Mtaa mzima ulimwaga maji yaliyotuama, ukasugua mapipa na kuyafunika. Homa ilizunguka kwingine, lakini pale hakulazwa mtoto hata mmoja.

Jioni moja watoto walikuwa wakicheza nje, kelele tupu. Mama Dobi aliinuka kwenda kufunga mlango. Mke wa mwanawe, ambaye tangu msiba hakuwa amemsemesha, akaushika.

"Uache wazi, mama," akasema. "Waache wapige kelele."