Lita Tano Kule Lopur

Haya yalimpata Majok, jirani yetu pale Kakuma One, kambini kwa wakimbizi, na asiyetaka kuamini asiamini. Hata yeye hakuamini. Mtu aliyesomea uhandisi wa mitambo miaka mitano, akarudi kambini na cheti kilichopigwa laminesheni na kukuta kazi zote zimekaliwa na mashemeji wa mabosi, huyo haamini kitu kirahisi.

Ilikuwa Februari 2013, wiki chache kabla ya uchaguzi, na kila mwenye tai alikuwa akikimbilia Lodwar kuwahi vyeo vya kaunti mpya. Shirika moja la misaada, moja la yale yanayofanya warsha kuhusu njaa huku yanakula kuku, lilikuwa na kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne, yenye injini ya tu-stroki inayotaka oili ichanganywe ndani ya petroli. Kwadi hiyo ilikuwa imekufa mara tatu. Mara zote injini ilishika ikakataa kuzunguka, na mara zote palepale, kilomita chache kupita Lopur. Mafundi watatu waliifungua wakasema neno moja: dereva alisahau oili.

Ndipo Garad, afisa wa usafiri, akamwita Majok.

“Warya, injinia,” alisema bila kuinua macho kwenye simu. “Itengeneze, halafu uiendeshe mwenyewe mpaka Lodwar. Ukifika kabla ya saa kumi ikinguruma, wewe ndiye fundi mkuu wa karakana ya huko. Kontrakti, kibali cha kutoka kambini, kila kitu. Ikizima njiani, usirudi kunisumbua na hiyo CV yako.”

Majok alimdharau Garad kuanzia kofia hadi viatu. Lakini kazi aliitaka. Aliitaka hata meno yakamuuma.

Aliifungua injini chini ya turubai, mchana kweupe. Pistoni ilikuwa imechubuka upande wa eksozi, ringi zimegandamana na alumini. Kwa fundi wa nyundo, hiyo ni oili. Lakini oili ikikosekana, beringi za krenki nazo huungua, na hizi zilikuwa zimelowa, zinateleza kama kambare. Basi kuna mahali injini inavuta hewa ya wizi. Petroli inapungua ndani ya hewa, joto linapanda, pistoni inavimba na kung’ang’ania silinda.

“Mafundi bure kabisa,” alisema, akatema mate. “Watu wanasoma injini kama wanasoma kwato za punda.”

Akaziba tundu la kabureta na la eksozi kwa mpira wa tyubu, akajaza hewa kwa pampu ya baiskeli, akafunga geji ya presha. Injini isiyo na tatizo hushika pumzi hiyo dakika sita. Hii ilivuja. Akapaka maji ya sabuni, na mapovu yakachomoza kwenye sili ya krenki, ule mpira unaozuia hewa kuingia.

“Nimekupata, shetani.”

Akabadilisha sili. Akapima tena. Sindano ya geji ikatulia. Kisha ikashuka. Kisha, bila mtu kugusa pampu, ikapanda. Ikashuka. Ikapanda. Taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

“Geji ya Mchina,” alisema Majok, akaing’oa.

Puok alikuwa amesimama nyuma yake. Ndiye aliyekuwa akiiendesha kwadi ilipokufa mara ya kwanza. Sasa alikuwa mlinzi wa lango, na hakukubali hata kuisukuma. Akachuchumaa.

“Kaka,” alinong’ona, “mimi nataka kuambia wewe kitu, lakini usicheke.”

“Nitacheka. Sema.”

“Si oili. Kule Lopur, mama mzee moja alisimamisha mimi, anataka maji. Mimi niko na jerikeni moja tu, na radieta imechemka. Nikamwaga kwa radieta. Yeye anaangalia tu. Kesho yake wachungaji walikuta yeye amekufa. Palepale.”

Majok alijua, kama kila mtu wa huku anavyojua. Mtu anaweza kukunyima mbuzi, akakunyima na binti, na bado mkasalimiana ejok. Maji ya njiani hayanyimwi. Na kunywesha chuma mbele ya mwenye kiu, hilo halijatungiwa hata jina.

“Ukikuta yeye, pea yeye kwanza. Gari baadaye. Please, my brother.”

“Maiti hanywi maji, Puok. Ulisahau oili, sasa unatafuta mchawi. Rudi kwenye lango lako.”

Silinda ilichongwa Kitale, ikarudi na pistoni mpya. Majok akafunga ringi, beringi, gasketi. Akapima oili kwa bomba la sindano, mililita mia sita ishirini na tano kwa lita ishirini za petroli. Akaiwasha ikapata moto, akaizima ikapoa, mara tatu, kama kitabu kinavyotaka. Radieta ilishinda siku nzima kwenye presha bila kutoa tone.

Siku ya safari Garad alimweka hadi saa tano akisubiri sahihi moja ya kijinga. Ndiyo maana alipita Lopur saa sita, jua la utosini. Injini ilikuwa ikiimba. Alikuwa ameanza kutabasamu taa nyekundu ilipowaka.

Akasimama, akafungua kifuniko cha radieta. Hakukuwa na mvuke. Ndani palikuwa pakavu. Chini ya kwadi, mchanga haukuwa na tone.

Alipoinua kichwa, alikuwapo.

Mama mzee, hatua kumi mbele yake, ameshika kibuyu kilichokatwa nusu. Pande zote ni tambarare. Hakuna mti, hakuna boma. Hakuna alikotoka.

“Ngakipi,” alisema. Maji.

Majok alikuwa na jerikeni la lita tano. Mbele yake kilomita mia, muda wa saa nne tu, na kontrakti. Angeweza kumpa kikombe. Kikombe tu. Lakini kumpa ni kukubali kwamba Puok, asiyejua kutofautisha pistoni na sufuria, alikuwa sahihi.

“Omba serikali,” alimwambia. “Imekuwapo miaka hamsini.”

Akamimina.

Radieta ile hujaa kwa lita moja na nusu. Ikaingia lita moja. Mbili. Tatu. Haikujaa. Chini hapakulowa. Nne. Akasikia sauti ndani ya chuma. Glu. Glu. Glu. Sauti ya koo. Tano. Ikajaa.

Akageuka.

Mama hakuwa amesogea. Kibuyu chake kilikuwa kikavu. Midomo yake ilikuwa imelowa, na maji yalikuwa yakimtiririka kidevuni.

Majok aliendesha bila kutazama nyuma. Aliingia Lodwar saa tisa na nusu, injini ikinguruma kama mpya. Garad, aliyekuwa ametangulia kwa Land Cruiser yenye kiyoyozi, akatia sahihi.

“Unaona? Walisema mashetani.”

“Ujinga,” alisema Majok. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akaisukuma kwadi ndani ya karakana, akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni. Ufunguo ulikuwa mmoja tu.

Asubuhi akafungua mlango.

Sakafu ya saruji ilikuwa na nyayo. Nyayo za maji. Ndogo, za mguu mtupu, vidole vimetanuka kama vya mtu aliyetembea maisha yake yote bila viatu. Zilianzia kwenye kwadi.

Lodwar, shati hukauka kabla hujamaliza kulianika. Majok alizipangusa. Zikarudi. Akamwaga mchanga, akafagia. Zilikuwa chini yake. Wiki ikapita, mlango wazi, jua limejaa ndani, na hazikufifia hata ukingoni.

Hazielekei mlangoni. Zinaenda moja kwa moja hadi meza ya fundi mkuu. Hapo zinakoma, mbili sambamba, vidole vimeelekea kiti chake, kama vya mtu aliyesimama kungoja zamu yake ahudumiwe.