Ufunguo Uliopondwa Kinuni

Moyo-mtambo wa Bi. Somoe uliwaka buluu kifuani, mwanga wake ukipenya ngozini kama karabai chini ya shuka. Kwa miaka mingi haukuwahi kukosea. Asubuhi hii ulianza kuzembea, kila pigo likichelewa kuliko lililotangulia.

"Uamrishe uongeze kasi!" Mfaume, mwanawe, alimwambia Mhandisi Rukia, aliyeubuni.

"Hautanisikia. Unatii tu amri zilizofungwa kwa ufunguo mama, na mliuponda wenyewe."

Kweli waliuponda. Ndiyo desturi ya Mtwara ya siku hizi: mgonjwa akishawekewa moyo, ndugu hukitwanga kinuni kidonge chenye ufunguo, vigelegele juu, asije mhuni akauteka moyo. Rukia mwenyewe aliwaapia kwamba baada ya hapo haingii mtu.

Akapitisha sindano-sikizi, inayonasa mawimbi ya mtambo, juu ya kifua kile. Msururu wa tarakimu ukatokea kiooni. Rukia akaruka kitini.

"Jamani, huyu kitukuu!"

Ufunguo mama haufanyi kazi peke yake. Mtambo huutanua: huzungusha sehemu yake ya mwisho, huzibadilisha tarakimu zake kwa jedwali, huichanganya na namba ya zamu na sehemu nyingine, ukazaliwa ufunguo mwana. Mwana huzaa mjukuu, hivyo hivyo hadi wa kumi, na amri hupita kwa wote. Huyo wa kumi ndiye aliyenaswa kiooni. Lakini uzazi huo una njia ya kurudi.

"Nikimshika wa mwisho nimewashika wote!" Vidole vyake vilikimbia. "Mzazi wake huyu! Na babu yake huyu hapa!"

Ufunguo mama ukajitokeza mzima. Rukia akafunga amri nao, akaituma. Moyo ukasita, kisha ukachapa kazi. Mfaume akapiga mayowe. Rukia akamkumbatia muuguzi asiyemjua hata jina, akicheka na kulia.

Bi. Somoe akafumbua macho.

"Shikamoo, bibi!" Rukia alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umeingiaje, nawe uliapa?"

Kicheko kikamkauka Rukia. Mjini mle kulikuwa na maelfu ya mioyo ya namna ile, na njia aliyopita yeye mwingine angeweza kuipita.

"Tuliponda mama, bibi. Watoto nikawaacha ndani. Sikuliona hilo."

"Basi wafute."

"Nikiwafuta, siku moyo ukizembea tena hautasikia amri ya mtu. Hata yangu."

Bi. Somoe akavuta khanga taratibu, akaufunika ule mwanga.