Lori Lililogandaganda

Baba alikuwa dereva wa malori tangu ujana wake. Watu walimwita Honi, kwa sababu akifika mahali kila mtu alijua amefika. Kisha akapata kiharusi. Mkono wake wa kulia ukalegea, na kelele zake zikaisha. Sasa alikaa dirishani akisikiliza magari yanayopita.

"Hilo klachi yake imekwisha," alisema siku moja. Hayo yalikuwa maneno yake ya siku nzima.

Binti yake, msusi, ndiye aliyekaa naye. Kabla ya kwenda saluni alimwogesha, akampa chai, akamnyoosha vidole kimoja kimoja.

"Mkono huu usilale," mtaalamu wa viungo hospitalini alimwambia binti. "Miezi hii ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa. Baba anapenda nini?"

"Lori tu."

"Basi mtafutieni gemu ya kuendesha lori, na usukani mdogo wa kuchomeka kwenye kompyuta. Akishika usukani atasahau kwamba anafanya mazoezi."

Kompyuta ilikuwepo nyumbani. Usukani aliununua binti. Kazi ya kutafuta gemu aliichukua kaka yake, fundi wa vigae.

"Niachie mimi, mdogo wangu," kaka alisema. Jioni alirudi na flashi. Gemu alikuwa ameinunua kwenye kibanda kinachonakili nyimbo na filamu. "Ni ileile ya dukani, kwa bei ya kutupa. Ya nini kulipia hewa?"

Baba alisogezwa mezani. Aliweka mkono wake mlegevu kwenye usukani, na uso wake ukachangamka. Lori likatoka yadi. Likaingia barabarani. Kwenye kona ya kwanza baba alizungusha usukani, lakini picha ikaganda. Iliporudi, lori lilikuwa mtaroni.

"Nimechelewa," baba alisema.

Akaanza upya. Picha ikaganda tena, ikaruka, na lori likagonga ukuta.

"Sasa nimewahi mno."

"Zungusha haraka, baba," kaka alisema. "Mkono wako mzito tu. Utazoea."

Baba hakuzoea. Kila siku alijaribu, na kila siku aliishia mtaroni. Asubuhi moja aliuondoa mkono wake kwenye usukani kwa kutumia ule mwingine, kama mtu anayeondoa kitu kisicho chake.

"Toeni hiki kitu hapa."

"Kwa nini, baba?" binti aliuliza.

"Nimepita milima na mizigo ya kuvunja mgongo, sikugusa mtaro hata siku moja. Leo kona ya picha inanishinda. Kichwa kinatuma, mkono haufiki. Mbona hamniambii ukweli kwamba nimekwisha?"

Tangu siku hiyo alikataa mazoezi yote. Alikataa hata kuminya mpira mdogo aliopewa hospitalini. Binti alimbembeleza, akalia, akanuna. Baba aligeukia ukuta. Wiki zikapita, na vidole vyake vikaanza kujikunja kuelekea kiganjani.

Wakati huo kompyuta nayo ilizidi kuchoka. Binti alitaka kumtumia mteja picha za mitindo, ikachukua muda mrefu kufunguka. Ilikuwa ya moto, na feni yake ilivuma hata bila kazi. Akamwita jirani yao, fundi wa kompyuta, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Waya.

Mama Waya alifungua hiki na kile. Akaiona gemu, akakaa, akashika usukani. Kwenye kona ya kwanza picha iliganda. Lori likaenda mtaroni.

"Mkono wangu ni mzima," alisema, "na mimi nimetumbukia. Gemu hii mliitoa wapi?"

Binti alikaa chini.

"Kibandani," alijibu kwa sauti ndogo. "Kwani kosa si la baba?"

"La baba? Hapana, mwanangu. Hii ni nakala ya wizi, tena ya zamani. Waliotengeneza gemu walishagundua kasoro zake, wakatoa masahihisho. Anayenunua kwao hupata masahihisho hayo. Nakala ya kibandani haipati kitu. Na humu ndani mtu ameficha programu yake. Inaitumikisha kompyuta yenu kwa faida yake mchana kutwa. Ndiyo maana feni inalia. Nguvu inayobaki haitoshi kuzungusha hata tairi la lori."

"Sasa tufanye nini?"

"Kwanza niisafishe mashine, nawe ubadilishe nywila zako zote. Halafu nenda kwenye duka la mtandaoni la watengenezaji wenyewe, au duka ambalo wao wameliidhinisha. Kabla ya kulipa, soma pale wanapoandika gemu inahitaji kompyuta ya namna gani, ulinganishe na yako. Mashine dhaifu haitapata nguvu kwa sababu tu umenunua mahali halali. Kama kuna toleo la kujaribu bure, anza nalo. Na uangalie kama wanarudisha pesa gemu ikigoma. Kibandani nani atakurudishia?"

Walisoma pamoja. Kompyuta ilifaa. Toleo la kujaribu lilikwenda bila kukwama, ndipo binti akanunua gemu kamili.

Baba hakutaka kusogea. Binti hakubishana naye. Kabla ya kuisafisha mashine, Mama Waya alikuwa amejirekodi kwa simu akitumbukia tena mtaroni. Binti alimwonyesha baba ile video. Baba aliitazama, akaomba kuiona tena. Kisha akasema, "Nisogezeni."

Lori lilitoka yadi. Kona ilikuja. Mkono ulizungusha usukani polepole, na lori likageuka palepale, laini, likaendelea na barabara.

Hakuna aliyepiga makofi. Baba alikuwa analia.

"Kumbe si mimi," alisema. "Siku zote zile, kumbe si mimi."

Kaka alikuwa amesimama mlangoni. "Nisamehe, baba. Nilitaka kupunguza gharama."

"Bei rahisi hata mimi ningeifuata. Lakini uliniona najilaumu, ukaniambia mkono mzito."

Baba alirudi kwenye mazoezi kwa bidii. Mkono ukapata nguvu ya kushika kikombe na kufungua mlango. Akaanza hata kuwatukana madereva wa kwenye skrini, na nyumba ikapata kelele. Lakini vidole viwili vya mwisho vilibaki vimekunjika.

"Kama asingeacha mazoezi, vingenyooka?" kaka alimuuliza mtaalamu wa viungo.

"Huenda. Siwezi kukuapia. Ila wiki zile ndizo zilizokuwa za thamani, na hatuwezi kuzirudisha."

Jioni hiyo kaka alimkuta baba mezani, lori lake likiwa barabarani kwenye skrini, usukani mkononi, vidole viwili vikiwa vimejikunja pembeni. Alisimama nyuma yake. Baba hakugeuka. Alisukuma kiti kwa mguu.

"Kaa," alisema. "Niangalizie kioo cha kushoto."

Kaka akakaa, akaangalia.