Honi Tatu Handakini

Siku ya kwanza Colby Ledford alimkanyaga Marlee mguu. Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba, kwenye maegesho ya Craggy, kileleni kabisa. Watalii walijaa kama siafu, kila mmoja akipiga picha ya majani mekundu. Colby, mkata miti inayoangukia barabara ya mlimani, alirudi nyuma hatua moja, na buti lake likatua juu ya kiatu cha muuza maandazi ya tufaha.

"We kaka, hilo buti lina leseni?"

"Samahani dada. Nikifidia kwa kununua andazi?"

"Nunua matatu. Vidole vilivyopondeka ni vitatu."

Akanunua sita. Marlee, skafu ya manjano shingoni, unga puani, akacheka. Na Colby akapotea kwenye barabara anayoifagia kila siku.

Kwa wiki tatu wakapanda na kushuka mlima ule: leo maporomoko ya maji, kesho duka la vikapu. Kwenye mahandaki ya barabara yanayopenya mlima kila dereva hupiga honi, ndiyo desturi. Wengine moja, Colby tatu.

"Moja ya mlima, moja ya dubu, moja yako."

"Yaani mimi na dubu foleni moja?"

Ijumaa Marlee akapiga simu. "Sukari, nimepata kazi. Duka la mikate, mjini Charlotte. Naondoka Jumapili."

Colby akaweka msumeno chini.

"Colby? Kama una neno, liseme kesho saa nne asubuhi, pale rangi ya majani ilipokolea."

"Nitakuwepo, mpenzi."

Jumamosi akanyoa ndevu, akatia mfukoni pete ya marehemu bibi yake, akapanda Craggy, pale pale pa kukanyagana. Miti ilikuwa imebaki mifupa. Saa nne ikapita. Saa tano. Mtandao kule juu hakuna. Simu ni ya kutazamia saa tu.

"Ameshanitosa," akajisemea. Akatazama chini bondeni. Mlima wote chini ulikuwa unawaka mwekundu. Akajipiga kofi kwenye paji la uso. Rangi huanza kileleni, kisha hushuka wiki hadi wiki! Mtoto wa milimani kasahau jambo ambalo hata mbuzi wanalijua.

Akateremka mbio. Mbio gani? Mbele yake gari-nyumba la watalii lilitambaa kama kobe, likisimama kila penye bonde la kutazama. Akaingia handakini amekata tamaa, akapiga honi tatu.

Gizani zikajibu tatu.

Kigari cha njano kikampita, skafu ikipepea dirishani! Handakini hapasimamwi. Akatokea upande wa pili, akageuza. Marlee naye akageuza. Wakapishana tena.

Colby akaegesha nje ya handaki, akazima injini, akakaa juu ya boneti. Kigari kikarudi.

"Saa nzima nakusubiri bondeni! Nikasema nije nikutukane kwanza, ndipo nihame!"

"Nilikuwa Craggy."

"Craggy hakuna hata jani! Ulikuwa unatazama nini?"

"Pale nilipokukanyaga."

Marlee akameza tusi lililokuwa tayari mdomoni. "Colby, hebu tulia mahali pamoja, mtu akupate."

"Ndilo neno langu lenyewe." Akatoa pete. "Wewe sema tu nitulie wapi. Hata Charlotte miti huanguka."

"Charlotte, basi. Ila kila Oktoba tunapanda huku." Akanyoosha kidole, unga bado umo kuchani. "Na buti hilo lisiingie harusini!"

Handakini likachomoza gari-nyumba lile lile. Nalo lilikuwa limegeuza, kana kwamba limekuja kushuhudia. Likawapita pole pole kama kawaida yake, likipiga honi. Safari hii Colby hakuwa na haraka.